Ukurasa wa K

Nkoma, 14 Mei 2023

Shemeji Mayige,

Mwangaluka. Najua utaisoma barua hii jioni, mnada ukiisha, lakini mimi naandika asubuhi, na sijui kumsalimia mtu kwa saa yake mwenyewe. Nampa Sayi, yule mnunuzi wa ng'ombe, kwa kuwa kila wiki anakuja Mwandoya.

Mama hajambo. Amemaliza uji wake na ameniuliza mara mbili kama mvua imekwisha. Nimemwambia imekwisha. Pamba ya shamba la juu imeanza kupasuka, nami wiki hii naanza kuchuma.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unaitikia "ee, ee" kisha unakata, hata sijui kama umenisikia. Marehemu kaka yako alikuwa akisema wewe ni mtu wa barua tangu utoto. Alisema hata mngekaa nyumba moja angekuandikia.

Shemeji, jana Josia, mtoto wa kaka yenu mkubwa, alipita hapa na pikipiki akitoka Bariadi. Akaniambia, kwa uso wa mtu anayeleta habari njema, kuwa umekwisha fyatua tofali na unajenga nyumba ya vyumba viwili huko kwako, ya mama na mimi. Nikamuuliza nyumba ya nini. Akasema, "Mama mdogo, si ile karatasi ya baba mdogo?"

Karatasi naijua. Nilimwona mume wangu Constantine akiiandika. Ilikuwa mwezi Machi, siku mbili kabla hajafa, kule hospitali, mrija ukiwa kooni, hawezi kusema, daftari la mistari limelala juu ya tumbo lake. Aliandika, akachana, akampa Josia akuletee. Kilikuwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, kwa hiyo sikuuliza. Tangu nimeolewa nilimwona akikuandikia mstari mmoja wa Kiingereza mwisho wa kila barua ili akulazimishe kufungua kamusi. Nilidhani ni mchezo wenu ule ule.

Baada ya maziko mlikaa kikao cha ukoo, Josia akaiweka ile karatasi kwenye simu yake ikamtafsiria, mkasikilizana ninyi wanaume huko nje. Mimi nilikuwa nasugua sufuria za msiba. Hakuna aliyekuja kuniambia imesema nini. Ila nilipotoka kumwaga maji, wazee walinitazama kama mtu anavyotazama mzigo uliokwisha kufungwa kamba.

Naomba uniandikie maneno yenyewe, kama alivyoyaandika, bila simu ya Josia.

Shemeji yako,
Nyanjige


Mwandoya, 28 Mei 2023

Shemeji Nyanjige,

Mwadila. Barua yako imefika ikinuka ng'ombe, lakini nimeisoma yote. Wabeja sana kwa habari za mama.

Maneno yenyewe ni haya: "Mayige, keep Mama with Nyanjige." Basi. Chini ameandika C na nukta, kama alivyokuwa akisaini madaftari ya watoto.

Simu ya Josia ilisema, "Mayige, weka mama na Nyanjige." Mzee Yakobo akauliza kuweka wapi. Wengine wakamjibu, mtu huweka kitu nyumbani kwake. Basi akasema marehemu amegawa vizuri, mama kwa mwanawe na mjane kwa shemejiye, na kikao kikafungwa. Ningepaswa kuja kukuambia. Nilikuona una sufuria nyingi nikaona aibu.

Lakini mimi sikuhitaji simu. Neno keep nalijua, nilifundishwa na yeye. Unajua niliacha shule darasa la nne nikaenda kuchunga. Yeye aliendelea, na Jumapili alikuwa akinifuata malishoni na kitabu ndani ya shati ili baba asikione. Alikuwa akinipa sentensi moja, mimi nikimpa nusu ya michembe yangu ya viazi. Moja ilikuwa hii: "We keep cows." Tunafuga ng'ombe. Tuliiimba nyuma ya ng'ombe siku nzima mpaka nadhani na wao waliijua.

Kwa hiyo nilipoiona karatasi nilielewa. Kufuga ni kulisha na kunywesha, kufungua asubuhi, kufunga jioni, na kujua nani leo hakula. Kaka ameniambia niwafuge wewe na mama. Usione ni tusi, shemeji. Kwangu mimi hakuna neno kubwa kuliko hilo.

Hayo ya kurithi ni ya Mzee Yakobo. Tangu mke wangu Martha afariki nimezoea sufuria yangu moja. Chumba chako kina mlango wake wa nje na kitasa, na ufunguo utakaa nao wewe. Bati nitaezeka mwezi ujao. Mwanangu Fredrick ananisaidia. Nitakuja kuwachukua mwanzoni mwa Agosti, pamba yako ikishauzwa, kwa gari la Sayi. Mama atakaa mbele.

Shemeji yako,
Mayige


Nkoma, 11 Juni 2023

Shemeji Mayige,

Mwangaluka tena. Nimechuma siku tisa, vidole vimechanika vyote isipokuwa huu ninaoshikia kalamu.

Nakushukuru kwa kitasa. Nimelia kidogo niliposoma habari za kitasa. Sasa nivumilie nikujibu.

Mimi si ng'ombe, shemeji, ingawa najua kwako nikisema hivyo najishusha cheo. Na neno hilo hata mimi nalijua, ila nililikuta mahali pengine. Mwaka ule tulipokwenda Bariadi kununua madaftari, mzee mmoja mzungu wa misheni alikunywa soda dukani akamwambia mwenye duka, "Keep the change." Mwenye duka akabaki na chenji na uso wake ukang'aa. Nikamuuliza Constantine amemwambia nini. Akasema, amemwambia kilicho mkononi mwako kibaki mkononi mwako. Njia nzima ya kurudi alikuwa akinipa vitu, kitana, kitambaa, ganda la karanga, na kila kimoja akisema, "Keep."

Basi mimi naisoma karatasi hivi: Mayige, mama abaki kwa Nyanjige. Aliye na mama mkononi ni mimi.

Nakueleza ninachoogopa, ili usidhani ni ukaidi. Mama macho yameisha, lakini hapa anakwenda chooni peke yake. Constantine alimfungia kamba ya katani kutoka mlangoni hadi chooni, naye anaifuata kwa mkono, akifika anasema "haya" kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Huko kwako ataanza kujifunza ukuta upya, na ana miaka themanini na nane. Nami nikitoka Nkoma nitaitwa mjane aliyerithiwa, kitasa kiwepo kisiwepo. Ukimchukua yeye nikabaki mimi, nitabaki na nyumba ambayo ndani yake hakuna wa kuniuliza kama mvua imekwisha. Miaka ishirini na sita nimeishi na mama yenu. Wangu mwenyewe niliishi naye kumi na tisa.

Siwezi kubishana na mtu aliyefundishwa na mwalimu yule yule. Nimemwandikia Mwalimu Monika wa Somanda, aliyefundisha na kaka yako. Yeye ana kamusi kubwa.

Shemeji yako,
Nyanjige


Somanda, Bariadi, 20 Juni 2023

Mpendwa mama Nyanjige,

Pole tena, na pole na pamba. Barua yako nimeisoma ofisini, nikawa nasahihisha huku nacheka, mpaka walimu wenzangu wakaniuliza. Ile ya ganda la karanga ni Constantine mtupu.

Nimefungua kamusi, ukurasa wa K. Keep imejaza safu mbili na nusu. Nimewapima wote wawili, wewe na shemeji yako, na hakuna aliyekosa. Ya kufuga ipo, imeandikwa pamoja na kuku na nyuki. Ya chenji ipo. Kisha zinakuja nyingine. Ukitimiza ahadi, ume-keep. Ukitunza siri, vivyo hivyo. Ukimchelewesha mtu mlangoni kwa maneno, kama nilivyofanya mimi kwa mumeo miaka kumi na moja, hiyo pia ni keep. Maziwa ya jana yakikutwa hayajaharibika, Waingereza husema yame-keep. Na kipa wa timu ya shule, jina lake limetoka humo humo, maana kazi yake ni kuzuia kitu kisipite.

Nikaangalia na ndugu zake, maneno yanayokaribiana nalo. Kuna la kushika, la kubakiza, la kulinda, la kutazama, la kuhifadhi. Kila ndugu ana kazi yake moja. Keep yeye anafanya zote, kama mke wa mwalimu.

Na hilo with usilidharau. Linaweza kuwa "kwa Nyanjige". Linaweza kuwa "pamoja na Nyanjige", mkawa mnatunzwa wawili. Linaweza kuwa pia Mayige ashirikiane na Nyanjige kumtunza mama. Mtoto akiniletea sentensi hiyo kwenye mtihani nitamwambia airudie. Constantine angemwambia hivyo kabla yangu. Alikuwa na msemo wake: neno la Kiingereza ni kama shati la mtumba, usilinunue kabla hujalivaa.

Kwa hiyo kamusi haiwezi kuwaamulia. Ila kuna jambo moja. Nimefanya kazi naye, na sikuwahi kumwona akiandika sentensi mara moja. Aliandika, akakata, akaandika tena. Alikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili lililokatwa liendelee kusomeka. Watoto aliwafundisha hivyo, kwamba kosa lisifutwe, likatwe, ili kesho ujue ulipitia wapi. Kama daftari la hospitali lipo, tazama ukurasa uliotangulia ule aliouchana. Yawezekana maana ipo huko.

Wako katika kazi,
Monika


Nkoma, 29 Juni 2023

Shemeji Mayige,

Mwalimu Monika amejibu. Nakunakilia yaliyo muhimu. Anasema kufuga ipo na chenji ipo. Anasema kipa wa mpira jina lake limetoka kwenye keep, na kazi ya kipa ni kuzuia kitu kisitoke kilipo. Nimelifurahia hilo. Basi wewe uwe kipa, shemeji, uzuie mama asitoke Nkoma.

Anasema pia Constantine alikuwa akikatakata maneno kabla ya kuandika la mwisho, na kwamba tutazame daftari. Daftari silioni. Nadhani lilibaki hospitali na vile vikombe.

Mama hajambo. Mimi sijambo.

Nyanjige


Mwandoya, 9 Julai 2023

Shemeji Nyanjige,

Mwadila. Nimesoma ya kipa. Fredrick aliposikia alinicheka, maana nilipokuwa kijana niliwekwa golini siku moja tukafungwa sita.

Sibishani na kamusi. Ila nakwambia ninavyoishi. Kila asubuhi naitoa ile karatasi na kuisoma kabla ya kufungua zizi. Nikiisoma kwa kufuga, naona nimechelewa, kaka aliniagiza Machi na sasa ni Julai. Nikiisoma kwa chenji, naona najenga nyumba ya watu wasioalikwa. Mzee Yakobo kila tukikutana ananiuliza, "Umeleta watu wako?" Namwambia bati limechelewa. Bati halijachelewa, liko juu.

Kama daftari lingekuwepo ningelisoma, ningetulia, hata kama lingesema kinyume na mimi. Yeye ndiye pekee aliyewahi kuniambia nimekosa bila kunifanya mjinga. Wengine wote, hata baba, hawakuweza.

Nina swali moja, nalo si la Kiingereza. Mama siku hizi unamnyanyua vipi? Zamani nilipokuja mlikuwa mkimtoa kitandani watu wawili, wewe na Constantine, na sasa yeye hayupo tena. Barua yako iliyopita ilikuwa fupi. Wewe huandiki fupi.

Kama hutaniambia nisije, nitakuja Alhamisi tarehe tatu Agosti.

Shemeji yako,
Mayige


Nkoma, 17 Julai 2023

Shemeji Mayige,

Umenikamata. Kaka yako naye alikuwa akinikamata hivyo hivyo, kwa kutazama urefu wa maneno.

Daftari lipo. Halikubaki hospitali. Nililirudisha mimi mwenyewe, limefungwa ndani ya kanga, na barua ya Mwalimu Monika ilipofika nililifungua siku ile ile. Nilikwambia silioni na nilikuwa nimelikalia.

Nakueleza nilichokiona. Ukurasa ule wa kabla una mistari miwili. Wa kwanza ni huu: "Mayige, take Mama and Nyanjige." Neno take amelikata kwa mstari mmoja mwembamba. Wa pili: "Mayige, leave Mama with Nyanjige." Leave amelikata mara mbili, na kalamu imetoboa karatasi. Kisha ndipo akafungua ukurasa mpya akakuandikia ule ulio nao.

Take na leave hata mimi wa darasa la saba nazijua. Nilipoona la kwanza kumjia kichwani ni kuchukua, niliogopa. Nikasema Mayige akiliona hili, nimekwisha. Atasema ndilo lililokuwa moyoni, hayo mengine ni ugonjwa. Nikalifunga daftari nikaliweka chini ya gunia la michembe, nikakuandikia barua fupi. Nisamehe. Nimemfanyia ujanja mtu aliyenitengenezea mlango wenye kitasa.

La pili. Jumamosi nilikuwa namwogesha mama. Nilipomnyanyua mguu ukateleza na tukaanguka, yeye juu yangu. Yeye hakuumia. Mkono wangu wa kushoto ulivimba kifundoni, na sikuweza kumwinua, wala mwenyewe sikuweza kuinuka vizuri. Nikamwambia mama subiri, tutaita watu. Akapapasa sakafu, akajiweka vizuri, akasema, "Basi tukae. Si tumekwisha kufika." Tukakaa hapo kwenye maji mpaka jirani yangu Nyamizi alipokuja kuazima ungo. Walinifunga mkono zahanati, haukuvunjika. Lakini nimejua. Peke yangu siwezi tena, na nilikuwa nikijua hivyo tangu Mei.

Nampa Sayi ukurasa wenyewe ndani ya bahasha hii. Sijaunakili, nimeuchana. Amua wewe. Ukija na gari tarehe tatu utatukuta tumefunga mizigo, wote wawili, na sitasema neno. Naomba kitu kimoja, njia ya kwenda chooni huko kwako uifunge kamba kabla hatujafika.

Nakumbuka jambo dogo. Kwa wanafunzi, vema alikuwa akiiandika kwa kalamu nyekundu na kosa kwa penseli. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema mtoto akitaka aweze kulifuta kabla baba yake hajaliona. Nimejiuliza juma zima kama na hili langu lingeweza kuandikwa kwa penseli.

Shemeji yako,
Nyanjige


Mwandoya, 25 Julai 2023

Shemeji Nyanjige,

Pole sana na mkono. Pole na kukaa kwenye maji. Mama nimemcheka mpaka nikatoka nje.

La daftari limekwisha. Na mimi nina langu, tena kubwa kuliko lako.

Kwanza, masikio. Watu wanajua nasikia kidogo. Sisikii kidogo, shemeji, sisikii. La kulia limekufa, la kushoto linasikia fahali na lori, maneno ya watu nayasoma midomoni. Simu naipokea kwa sababu naona kioo kinawaka, nasema "ee, ee" ili mtu ajue nipo, kisha nakata. Nilikuwa nimejenga nyumba ya mama wa miaka themanini na nane asiyeona, aje aniite nisimsikie. Nilijua hivyo kila tofali niliyoinua. Nilitaka uje wewe usikie badala yangu, na hilo sikuliandika. Niliandika kitasa.

La pili ni la hospitali. Unakumbuka nilikuja siku moja, juma moja kabla hajafa, ukatoka kwenda kununua sabuni. Ulipotoka aliandika neno moja kwenye daftari akanigeuzia. Stay. Kaa. Nililijua, alinipa malishoni tukiwa wadogo, pamoja na come na go. Nikatikisa kichwa kama mtu asiyelijua. Nikamwonyesha saa, nikamwonyesha pembe za ng'ombe kwa mikono, kwamba wananisubiri. Alinitazama, kisha akakata lile neno kwa mstari mmoja na akacheka kwa macho. Nikaenda kwa ng'ombe. Fredrick alikuwa nao, wala hawakuwa wakinisubiri.

Kwa hiyo hukumfanyia ujanja mtu mwema. Tumelingana.

Sasa ukurasa wako. Nimekaa nao siku mbili. Nimeupeleka kwa Mzee Yakobo nikamweleza: hapa aliandika nichukue, akakata. Hapa aliandika niache, akakata mara mbili. Mzee akasema, "Huwezi kuchukua na huwezi kuacha, sasa huyo marehemu alitaka nini?" Nikamwambia, alitaka nihame mimi.

Nilipolitamka hivyo ndipo nikajua kuwa ndivyo. Constantine hakuthubutu kuniandikia "njoo", kwa sababu alikwisha niambia "kaa" nikajifanya mjinga. Alitafuta neno ambalo ndani yake nitajikuta mwenyewe nimeinuka.

Mzee Yakobo amecheka sana. Anasema hajawahi kuona mwanamume anahamia kwa mjane wa kaka yake akilala ghalani. Nikamwambia ghala lako la pamba ni pazuri, pamba ikiuzwa linabaki na joto lake. Na wakikuuliza huko Nkoma kama nimekurithi, waambie hapana, mama ndiye amenirithi mimi.

Ng'ombe namwachia Fredrick, isipokuwa wanne nitakaokuja nao. Nyumba mpya pia nampa yeye, alikuwa anatafuta pa kumleta mchumba wake na alikuwa anaona haya kuniomba. Kitasa kimemfurahisha.

Nitakuja Alhamisi ile ile tarehe tatu, na Sayi. Msifunge mizigo. Mimi nitanyanyua, wewe utasikia. Mama akiita, nishike bega.

Mayige


Nkoma, 30 Julai 2023

Shemeji Mayige,

Barua hii Sayi atakupa mkiwa njiani, nimemwambia asikupe mapema ukapata nafasi ya kubadili mawazo.

Siku ile ulipotoka hospitali, mimi nilirudi na sabuni. Nikamuuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Aliandika kwa Kiswahili: "Amekwenda kwa ng'ombe. Amekonda, umpikie siku moja." Hakukasirika, shemeji. Ukurasa huo upo daftarini. Nimeuacha humo, uusome ukifika.

Ghala nimelifagia kwa mkono mmoja. Nyamizi ameleta mkeka. Tayari ameniuliza unakuja kama nani. Nikampa jibu lako, akacheka, na sasa kijiji kizima kinalijua, kwa hiyo hatutaulizwa tena.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Nilisema, mama, Alhamisi Mayige anakuja kukaa. Akauliza Mayige yupi. Nikasema wako, yule mdogo. Nikadhani amesinzia, nikaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Mwambie ndama awafunge kwanza, ndipo aje kula. Huyo huwa anakimbilia chakula."

Nakuandikia kama alivyosema. Ndama wafunge. Chakula kitakuwepo.

Nyanjige